Dola Hainyauki

Watu wa Laare humwita Gikunda mkono wa birika, na mimi kila mara nakataa. Mkono wa birika hatoi. Gikunda anatoa, ila anatoa wakati anaotaka yeye, baada ya kukuzungusha mpaka uchoke. Kibanda changu cha pesa za simu kinatazamana na banda lake la kufungia miraa, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona akinunua kitu kwa bei ya kwanza. Shati lake la kanisa alilinunua Nkubu jua likizama, mwenye mitumba akiwa ameshaanza kufunga gunia. Hata mahari ya marehemu mkewe, nasikia aliizungusha mpaka wazee wa upande wa pili wakachoka kukaa. Ukimtania anacheka. Anasema haraka haraka haina baraka, namjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, kisha kila mtu anarudi kwa kazi yake.

Tabia hiyo miraa ndiyo iliyomfundisha. Miraa huchumwa alfajiri, ikafungwa vibunda na kuviringishwa kwa majani ya ndizi, na magari huondoka nayo mbio kabla ya saa sita ili iwahi ndege Nairobi. Kabla magari hayajaondoka, mnunuzi ndiye anayembembeleza mkulima. Yakishaondoka, mkulima aliyechelewa ndiye anayembembeleza mnunuzi, kwa sababu jani linanyauka mkononi mwake na kesho yake ni la mbuzi. Gikunda ameishi kwa saa hizo za baada ya magari. Anakaa juu ya kreti na chai yake, mtu anakuja na bei ya juu, Gikunda anamwambia pita tu, na baada ya muda yule mtu anarudi mwenyewe. Kwa subira hiyo alimlea mwanawe wa pekee, Kinyua, mama yake alipofariki kijana akiwa darasa la sita, na akamsomesha mpaka akapata diploma ya kompyuta.

Nayasema haya kwa sababu kuna watu hapa sokoni wanaosema Gikunda alimtupa mwanawe kwa ajili ya shilingi mbili. Nikimsikia mmoja akirudia mbele yangu nitamjibu vibaya, na mimi mdomo wangu wanaujua.

Kinyua alikaa nyumbani mwaka mzima na hiyo diploma, akimsaidia baba yake kufunga miraa. Ndipo akatokea mama mmoja wa Embu aliyejiita Madam Igoki. Alikuwa anawahoji vijana katika hoteli moja mjini Embu, anafungua kwa maombi na kufunga kwa maombi, na anawaahidi kazi ya kujibu simu za wateja huko Asia. Kundi zima likaenda, wa Meru na wa Embu. Walipiga picha uwanja wa ndege wakiwa na makoti mapya. Tuliiona picha hiyo, tukamsifu Mungu. Mimi mwenyewe nilimwambia Linda wangu aangalie wenzake wanavyofanya bidii.

Baada ya hapo simu ya Kinyua ikanyamaza kwa muda mrefu. Ilipoita tena, Gikunda alikuja kwangu akiwa ameishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Mama Linda," akasema, "hebu angalia hii video. Mimi naona vibaya au ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Kinyua alikuwa ameketi sakafuni, shavu moja limevimba, anasoma maneno aliyoandikiwa. Alisema hakuna kazi ya simu. Wanafungiwa ndani ya jumba lenye kuta ndefu, wanalazimishwa kudanganya watu wa nchi nyingine mtandaoni, na asiyefikisha kiwango anapigwa. Ili aachiliwe, baba yake atume dola elfu nne. Si kwa benki. Walitaka dola za mtandaoni, zile ambazo vijana wanaziita USDT, zitumwe kwenye anwani ndefu ya herufi na namba. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni ya kwetu. Zikikosa kufika, atauzwa kwa jumba lingine ndani zaidi, na huko simu haziruhusiwi. Halafu chini ya video kulikuwa na ujumbe kwa Kiswahili cha mashine: "Wewe hapana ongea polisi. Wewe hapana ongea familia nyingine. Ukiongea, mtoto hapana tena."

Nilimvuta ndani ya kibanda.

Nikasema twende polisi. Gikunda akakataa. Nikasema basi tumwambie angalau pasta. Akakataa pia. Akaenda akakodisha miti yake yote ya miraa kwa tajiri mmoja, kwa miaka ambayo sidhani ataimaliza akiwa hai, na Ijumaa asubuhi pesa zikawa kwenye simu yake. Zilitosha dola elfu nne kwa bei tuliyokuwa tumeiona Alhamisi, shilingi mia moja na thelathini kwa dola, na kidogo cha juu.

Soko lenyewe ni hivi. Hakuna duka. Kuna watu tu, kila mmoja na tangazo lake: nauza dola kwa bei hii, kuanzia kiasi hiki hadi kiasi hiki, nilipwe kwa simu. Ukibonyeza tangazo, dola zake zinafungiwa na bei inasimama kwa dakika kumi na tano. Ukilipa, muuzaji anazifungua, zinakuwa zako. Usipolipa, mpango unavunjika, na ukirudi unakuta bei nyingine, kwa sababu yule wa rahisi ameshanunuliwa na mwingine na wewe umebaki na anayefuata. Tena akaunti yetu ilikuwa mpya, mimi ndiye niliyemfungulia wiki hiyo hiyo. Wauzaji wengi hawataki akaunti mpya, wanaogopa wezi. Wanaokubali ni wachache.

Tulinunua dola elfu mbili za kwanza kwa mia moja na thelathini, bila shida. Gikunda akazituma, na upande wa pili wakajibu kwa kidole gumba. Nikarudi kwenye soko kununua zilizobaki. Bei ilikuwa mia moja thelathini na mbili.

"Irudishe pale ilipokuwa," Gikunda akasema.

"Siirudishi mimi, Baba Kinyua. Yule wa thelathini ameisha. Huyu ni mtu mwingine."

"Mtu mwingine, na chai haijapoa?"

"Ndiyo. Tununue. Kinachopungua nitakuongezea mimi, ni kitu kidogo."

Akatikisa kichwa. Nilimwona anavuta kreti na kukaa, na huo mkao naujua. "Si kitu kidogo," akasema. "Ni kwamba ameona tuna haraka. Ukimwonyesha mwenye mali kwamba una haraka, umekwisha. Leo ni asubuhi, kila mtu ananunua. Saa nane wataanza kuhangaika na mali yao, watashusha. Nimeona hayo maisha yangu yote."

"Hii si miraa," nikamwambia. "Dola hainyauki. Huyu mtu anaweza kulala nayo mwezi mzima na asihisi chochote."

"Kila mwenye mali anahangaika, Mama Linda. Wewe subiri."

Ningenyamaza basi? Sikunyamaza. Nilimfokea mpaka wafungaji wa miraa ng'ambo wakageuka kutazama, ikabidi nishushe sauti kwa sababu ya ile siri. Nilimwambia anafanya ujeuri na uhai wa mtoto. Hilo lilimwingia, nikaona macho yake yamelowa, lakini hakuinuka. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na mtu mwenye hofu hushika kile anachokijua. Pesa zilikuwa kwenye simu yake na namba ya siri ilikuwa kichwani mwake, mimi ningefanya nini?

Saa sita mchana bei ilikuwa mia moja thelathini na tano. Magari ya miraa yalikuwa yameshaondoka, barabara imetulia, na Gikunda akaitazama ile namba kwa muda mrefu.

"Bado," akasema. "Wanajaribu mara ya mwisho."

Kisha akafanya jambo ambalo hatukuwa tumelizungumza. Alichukua simu, akabonyeza kile kidude cha kurekodi, akaituma sauti kwa namba ya Kinyua. Nilimsikia vizuri. Alisema kwa upole kabisa, kama anavyoongea na madereva wa magari ya miraa: "Mwambieni kijana asiwe na wasiwasi. Baba yake anangoja bei ishuke kidogo tu. Jioni nitamaliza zote. Nivumilieni mpaka jioni."

Alama mbili za buluu za kuonyesha wamesikia zikatokea papo hapo. Hawakujibu.

Saa kumi bei ikafika mia moja thelathini na tisa, na Gikunda akainuka kwenye kreti bila mimi kumwambia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Nunua," akasema. "Nunua kwa bei yoyote." Sasa mimi nikabonyeza, na tangazo likakataa, muuzaji ameishiwa. Nikabonyeza la pili, muuzaji akavunja mpango kabla hatujalipa, na dakika moja baadaye nikaliona tangazo lake limerudi likiwa ghali zaidi. La tatu lilikuwa la dola mia tatu tu. Tukalipa hilo. Gikunda akabonyeza namba ya siri, akakosea, akarudia.

Huyo wa dola mia tatu alipofungua mali yake, akaniandikia kwenye lile dirisha la mazungumzo. Nilidhani ni asante.

"Boss, leo watu wa Meru mna nini?" aliandika. "Tangu asubuhi ni majina yenu tu. Akaunti zote mpya, wote wanalipa bila kuuliza. Muthamia, Kathuri, Nthiga, sasa Gikunda. Mmefungua kiwanda huko?"

Nikamuuliza kama ndiyo sababu amepandisha bei.

"Nimepandisha nikaona mnanunua tu, nikapandisha tena. Ni biashara, usikasirike."

Nilimsomea Gikunda. Mara ya kwanza hakuelewa, nikamsomea tena polepole. Muthamia tulimjua wote wawili, ni mkulima wa Kianjai, na binti yake Nkirote alikuwa kwenye ile picha ya uwanja wa ndege, amesimama karibu na Kinyua. Nthiga ni jina la Embu. Wote walikuwa wametumiwa video zao. Wote walikuwa wameambiwa wasiongee na familia nyingine, na wote walikuwa wamejifungia mahali na simu kama sisi, wakigombania wauzaji wale wale wachache, kila mmoja akimpandishia mwenzake bila kujua. Hakuna mwenye mali aliyekuwa anahangaika siku hiyo. Waliohangaika ni sisi, na mali tuliyokuwa tunaigombania ilikuwa watoto wetu.

Nilimpigia Muthamia. Nilitaka kumwambia hata kama ni saa kumi na moja bado tunaweza kusema na hao watu kwa sauti moja, au angalau tuache kuumizana. Alipokea haraka sana.

"Mzee Muthamia, muga," nikamsalimia kwa Kimeru. "Ni Mama Linda wa Laare. Najua unanunua dola."

Nilimsikia mtu analia nyuma yake, mwanamke.

"Mama Linda, mimi sijanunua kitu," akasema. "Na wewe hujanipigia." Simu ikakatwa.

Sikumlaumu. Ningekuwa na Linda huko ningesema hivyo hivyo.

Tuliokota vipande mpaka saa kumi na mbili kasoro. Mia moja hapa, mia na hamsini kule, bei ikizidi kupanda, na kila kipande kina dakika zake na namba yake ya siri. Tulipokwama, tulikuwa tumetuma zaidi ya elfu tatu, na sokoni hapakuwa na muuzaji hata mmoja anayekubali akaunti mpya. Gikunda akaandika kwamba zilizobaki zitafika kesho, pesa anazo, kinachokosekana ni mali. Akawaomba kwa jina la Mungu. Nilimsaidia kuiandika kwa Kiingereza pia.

Jibu lilikuja mara moja, neno moja. "Sawa."

Nililiogopa neno hilo kuliko matusi. Gikunda yeye alilishika kwa mikono miwili. Aliniambia unaona, wamekubali, hata wao ni wafanyabiashara. Nilimpikia chai, akainywa yote.

Jumamosi asubuhi nilifungua soko kabla sijafungua kibanda. Dola ilikuwa imeshuka mpaka mia moja thelathini na moja. Wale wote waliokuwa wakinunua walikuwa wamemaliza au wameishiwa, na wauzaji walikuwa wamejaa tena, wanapunguziana bei. Nilitamani kumficha, lakini alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Si nilikuambia itashuka," akasema. Hakusema kwa kujigamba. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kuona iwapo maneno bado yanafanya kazi.

Tulinunua zilizobaki kwa mpango mmoja, nami nikaongezea kilichopungua, zikafunguka kabla maji hayajachemka. Alizituma. Akaandika: "Zimetimia. Mwachilieni kijana." Alama ikawa moja, ya kijivu, ya ujumbe ambao haujafika. Adhuhuri bado ilikuwa moja. Jumapili alitoka kanisani kabla ya sadaka kwenda kuitazama, ilikuwa moja, na mpaka leo ni hiyo hiyo moja.

Polisi tuliwaendea basi, maana cha kuogopa kilikuwa kimeisha. Waliandika. Madam Igoki hakuwa tena Embu, na pale hotelini wakasema walimkodishia ukumbi tu.

Vijana wengine walianza kurudi mmoja mmoja, kimya kimya. Hakuna aliyefanyiwa sherehe. Unasikia tu kwamba binti wa fulani ameonekana kanisani, amekonda, hataki simu karibu naye. Nkirote wa Muthamia alirudi wakati wa mvua, na Gikunda aliposikia akaniomba twende Kianjai. Alinunua sukari na unga, akavaa lile shati lake.

Muthamia alitupokea vizuri. Hakuweza kututazama usoni, alitazama miguu yetu muda wote, na mkewe akatuletea chai na ndizi za kuchemsha. Wanaume walikaa nje chini ya mabati wakizungumza juu ya mvua. Gikunda hakuthubutu kumuuliza msichana lolote. Alinigusa tu kiwiko, nikaelewa, nikaingia jikoni.

Nkirote alikuwa anamenya viazi. Nilikaa chini nikachukua kisu nikamsaidia, na sikuuliza kitu. Baada ya muda akaanza mwenyewe.

Alisema ile Ijumaa waliwapanga kwenye mstari uani. Waliolipiwa upande huu, wasiokamilishiwa malipo upande ule, na kulikuwa na gari lenye turubai. Kinyua alikuwa upande ule. Kabla ya kuwapandisha, msimamizi mmoja akatoa simu ya Kinyua akaifungua sauti kubwa, wote wasikie. Hakujua Kiswahili, lakini mashine ilikuwa imemtafsiria, na alikuwa anacheka.

"Ilikuwa sauti ya baba yake," Nkirote akasema. "Ile ya kungoja bei."

Nilikiweka kisu chini.

"Kinyua alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Aliisikiliza mpaka mwisho. Halafu nilipopita karibu naye akaniambia, wewe utafika nyumbani. Ukimwona baba, usimwambie kwamba niliisikia." Akaweka kiazi ndani ya sufuria. "Sasa mimi nimekuambia wewe. Yeye sijamwambia."

Tuliaga mvua ilipopungua. Gikunda alitembea mbele yangu kwenye matope mpaka barabarani, mgongo umeinama, na hakuuliza kama mtoto yuko hai, wala gari lilielekea wapi. Aliuliza jambo moja tu, bila kugeuka.

"Mama Linda, ile sauti yangu niliyotuma mchana. Wanasema aliisikia?"

"Hapana," nikasema. "Hawakumpa."

Alisimama kidogo, akafunga vifungo vya koti lake.

"Afadhali," akasema.